Mashine Inayojua Kusimama: Mwongozo wa Kuchagua Drili ya Skrubu za Bati na Chuma

Tembe la Mgogo halikuhitaji skrubu. Paa lake lilikuwa bapa: magogo chini, fito juu yake, kisha udongo. Udongo ule ulitulia pale kwa uzito wake, na upepo wa Dodoma ulipita juu ukaenda zake. Bati ni habari nyingine. Mita moja ya mraba ya bati la geji 28 ina uzito wa kilo 3 hivi. Mtoto anaibeba, na upepo wa kipupwe unaibeba vizuri zaidi. Kinachozuia bati lako lisihamie kwa jirani ni skrubu, na skrubu hiyo imekazwa na mashine ambayo mara nyingi ilichaguliwa dukani kwa kigezo kimoja tu: "Hii ina nguvu."

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kata ya Miyuji haijapumzika kujenga. Iache barabara ya Arusha, ingia mitaani asubuhi ya Julai, utasikia mashine zikiitikiana juu ya mapaa. Na si mapaa ya mbao pekee. Mchwa wa hapa wamewafanya watu wengi waachane na kenchi za mbao na kuweka zedi (vyuma vyenye umbo la Z) na paipu za mraba. Chuma hakipigwi msumari. Kinataka skrubu inayojitoboa, na skrubu hiyo inataka mashine inayoifaa.

Mimi nimelipia somo hili. Bati langu lilipigwa Julai, kazi ikapendeza, fundi akaondoka na hela yake. Mvua ya kwanza ya Desemba ikashusha matone manne sebuleni. Nilipopanda juu nikakuta skrubu zimekazwa mpaka bati limebonyea kama sufuria iliyoanguka, na mpira chini ya vichwa umepasuka. Mashine iliyotumika haikuwa dhaifu hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa kwamba haikujua kusimama.

Hilo ndilo neno la mwongozo huu: usiulize kwanza mashine inazunguka kwa nguvu gani, uliza inasimamaje.

Anza na skrubu

Kabla ya kuulizia mashine, mimina skrubu kiganjani uzitazame ncha. Vichwa vinaweza kufanana, vyote pembe sita, vyote na washa ya mpira. Lakini yenye ncha kali kama sindano na meno yaliyoachana ni ya mbao. Inaingia kwenye papi bila maneno. Yenye ncha iliyochongwa kama biti ya drili ni ya chuma. Ukiipeleka ya sindano kwenye zedi, itateleza, itachubua rangi ya bati, na utailaumu drili bure. Ikiwa huna nyingine, toboa kwanza kwa biti nyembamba. Tundu litoshane na kiini cha skrubu, meno yabaki na chuma cha kung'ata.

Skrubu ya chuma hufanya kazi tatu katika safari moja ya sekunde chache. Inatoboa, inachonga njia ya meno yake, kisha inakaza. Kila kazi inadai kitu chake kutoka kwenye mashine. Kutoboa kunadai mwendo wa mzunguko, kuchonga kunadai nguvu ya kusokota, na kukaza kunadai mashine iache papo hapo. Drili iliyo hodari kwa kazi mbili za kwanza na mjinga kwa ya tatu ndiyo iliyonitobolea mfuko.

Tazama pia urefu wa ncha. Lazima imalize kutoboa chuma chote kabla jino la kwanza halijashika. Meno yakiwahi, yatavuta skrubu mbele kwa kasi ambayo ncha haiiwezi, na shingo itakatika. Ndiyo maana ncha zina namba. Kwa skrubu za kawaida za bati, ncha namba 3 hupita chuma chenye unene wa jumla wa milimita 5 hivi. Namba 5, ambayo ni ndefu, hufika milimita 12. Jumla maana yake ni bati pamoja na kilicho chini yake. Bati la geji 28 lina karibu milimita 0.4, la geji 30 karibu 0.3, na zedi nyingi za nyumba ni milimita 1.5 hadi 2. Hapo namba 3 inatosha na kubaki. Lakini ukikutana na chuma cha pembe cha milimita 6, usikimbilie mashine kubwa zaidi. Badilisha skrubu, au toboa kwanza.

Unene wa skrubu yenyewe huandikwa kwenye boksi kwa milimita au kwa namba: 4.8 ni namba 10, 5.5 ni namba 12, 6.3 ni namba 14. Kwa bati, ile ya 5.5 ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.

Mizunguko mingapi?

Kwenye kibao cha mashine tafuta mizunguko kwa dakika. Skrubu ya 5.5 hutoboa vizuri ikizunguka kati ya 1,500 na 2,500. Nene zaidi, ya 6.3, inataka taratibu kidogo, kama 1,000 hadi 1,800. Za chuma kisichoshika kutu zinataka mwendo wa chini zaidi. Boksi likiandika kipimo chake, fuata boksi.

Ukizungusha polepole mno, ncha inasugua badala ya kukata. Ukizungusha kasi mno, inapata moto, makali yanalegea, na kuanzia hapo hata ukisukuma kwa kifua haitoboi. Ncha ikibadilika rangi kuwa bluu au nyeusi kabla haijapita, imeshakufa. Itupe, chukua nyingine.

Kumbuka pia kwamba namba ya kwenye kibao ni ya mashine ikizunguka hewani. Ikigusa chuma, mwendo unashuka. Mashine dhaifu iliyoandikwa 1,500 inaweza isifike 1,000 kazini.

Mashine tano utakazozikuta dukani

Ya kwanza ni drili ya waya, ile ambayo wengi wanayo nyumbani kwa ajili ya kutoboa ukuta. Huzunguka hadi 2,800 au zaidi, kwa hiyo mwendo inao. Inachokosa ni klachi: haina kitu cha kuikatiza skrubu ikishakaa. Kusimama kwake kuko kwenye kidole chako. Fundi mwenye mkono mzoefu huachia triga kabla kichwa hakijagusa bati, akamalizia kwa kugusagusa. Asiye na mkono huo atapasua mpira. Na swichi ya nyundo ihakikishwe imezimwa, maana kugonga kwake ni kwa ajili ya zege, na kwenye bati kunaharibu ncha.

Ya pili ni drili ya betri yenye klachi, ile yenye pete ya namba nyuma ya mdomo wake. Pete hiyo ndiyo unayoinunua. Skrubu ikifikia ukaze uliouchagua, mashine inatoa sauti ya *krrr* na kuacha kusokota. Juu yake huwa na gia mbili: ya 1 huishia mizunguko 400 hadi 500, ya 2 hufika 1,500 hadi 1,900 au zaidi. Skrubu za bati ni kazi ya gia ya 2. Anza na namba ndogo ya klachi. Ikikata kabla skrubu haijakaa, ongeza moja moja mpaka mpira ukae sawa. Ukihama kutoka zedi nyembamba kwenda paipu nene, panga upya, kwa sababu kuchonga meno kwenye chuma kinene kunakula nguvu zaidi na klachi itadhani kazi imekwisha.

Ya tatu ni ile ambayo mafundi wanaiita impakti, fupi, yenye tundu la pembe sita la robo inchi mahali pa mdomo wa drili. Ndani yake kuna nyundo ndogo inayogonga kwa kuzunguka kila skrubu inapokaza, zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Drili ya betri ya volti 18 ina nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 50 hadi 60. Impakti ya volti hizohizo hufika 150 na kuendelea. Ni nyepesi, haikuvunji kiganja, na kwa kufunga chuma kwa chuma, skrubu nene, fremu ya banda au ya geti, ni rafiki mkubwa. Kwa bati ni rafiki asiyejua muda wa kuondoka. Kati ya skrubu iliyokaa vizuri na mpira uliopasuka kuna chini ya nusu sekunde. Wapo mafundi wanaoiweza, na baadhi ya impakti mpya zina kitufe cha kupunguza kasi au kuacha zenyewe skrubu ikikaza. Ukikuta yenye kitufe hicho, jadili bei. Ukikuta isiyo nacho, ijue kwa ilivyo.

Ya nne ni mashine maalumu ya skrubu za bati, yenye pua ndefu inayopangwa kina. Pua ikigusa bati, klachi inaachia, skrubu inasimama. Skrubu ya kwanza na ya elfu moja zinakaa sawa. Anayeishi kwa kazi ya mapaa aifikirie; anayejenga nyumba moja haimlazimu. Lakini kuna mtego: ya tano, mashine ya skrubu za jipsam, inafanana nayo kama pacha, ila inakimbia 4,000 na zaidi. Kwenye jipsam ni tamu, kwenye zedi itachoma ncha. Soma kibao, ya bati iko kati ya 2,000 na 2,500.

Kwa jipsam juu ya chaneli nyembamba, drili ndogo ya volti 12 yenye klachi inatosha, na mkono ulioinuliwa juu siku nzima utakushukuru kwa wepesi wake.

Waya au betri?

Nyumba nyingi mpya za Miyuji zinaezekwa kabla nguzo ya TANESCO haijafika au kabla mita ya Luku haijafungwa. Watu huvuta umeme kwa jirani, mita 50 za waya mwembamba zikilala kwenye vumbi. Waya mwembamba na mrefu unapunguza umeme unaofika. Drili inazunguka kichovu na kupata moto. Ukilazimika, tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote badala ya kuuacha umeviringishwa, na upitishe kwenye swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Uko juu ya bati, chini yako chuma, mkononi waya. Hapo si mahali pa kubahatisha.

Betri inaondoa mkasa huo wote, lakini dukani inaleta mwingine: namba. Mashine iliyoandikwa volti 20 na iliyoandikwa volti 18 kwa kawaida ni kitu kimoja. Ndani kuna seli 5 zilizofuatana, kila moja volti 3.6 za kawaida, jumla 18. Zikijaa kabisa zinakaribia 21. Utakuta pia betri zenye maandishi kama 48VF au 98VF, na muuzaji atakuambia, "Bosi, hii inang'oa hata nati za lori." VF si volti. Omba kuipima kwa mita ya umeme. Ikisoma 20 hivi, ni ile ile ya volti 18 iliyovalishwa suti.

Kinachokuambia betri itadumu muda gani kazini ni amperi-saa, Ah. Zidisha kwa volti upate wati-saa: 18 mara 2 ni 36, 18 mara 4 ni 72. Sasa hesabu paa lako. Ukiweka skrubu 7 kwa mita ya mraba, paa la mita za mraba 150 linakula skrubu 1,050. Kwa kazi kama hiyo usinunue mashine yenye betri moja. Chukua mbili za 4 Ah, moja ifanye kazi nyingine ikichajiwa.

Na jua la Dodoma usilidharau. Betri nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 40, na bati la saa saba mchana lina joto kuliko hilo. Usiiache betri juu ya bati. Iteremshe kivulini, ipoe, ndipo uichaji. Ikiwezekana, chagua mota isiyo na brashi: inakula umeme kidogo, haipati moto haraka, na haina brashi za kuisha katikati ya kazi.

Mwisho, betri ni ndoa. Ya Makita haiingii kwenye DeWalt, na Bosch ya kijani ya nyumbani ina betri zake tofauti na ya bluu ya mafundi. Kabla hujachagua drili, jiulize grenda utakayoinunua mwakani itakula betri gani, na uulize kama betri ya peke yake na chaja vinapatikana hapa Dodoma.

Mtihani wa dukani

Usinunue kwa kuibonyeza hewani. Hewani kila mashine ni shujaa. Nenda na kipande cha zedi au paipu kama yako, kipande cha bati, na skrubu kumi za aina utakayotumia. Omba meza na ruhusa. Kisha:

1. Bonyeza triga taratibu. Mwendo uongezeke kidogokidogo kwa kufuata kidole. Ikiruka kutoka sifuri hadi mwisho, iache.
2. Piga skrubu tatu kwa klachi ya chini, ukipanda mpaka moja ikae sawa. Kisha piga nne bila kugusa pete. Zote nne zifanane. Zikitofautiana, klachi ni pambo.
3. Achia triga ghafla. Mashine nzuri inasimama hapohapo. Mbovu inaendelea kujizungusha kama feni iliyozimwa.
4. Funga biti iliyonyooka uitazame ikizunguka. Ncha ikichora duara, mdomo umepinda.
5. Ishike juu ya kichwa kwa dakika mbili. Kama mkono umechoka dukani, kwenye kenchi utakuwaje?

Muuzaji akikataa mtihani, si lazima ugombane naye. Barabara haijafungwa. Ukinunua, dai risiti ya EFD yenye jina la mashine. Bila hiyo, dhamana ni maneno ya mdomo.

Soketi ndogo, hasara kubwa

Watu hununua drili nzuri kisha wakaifunga soketi ya hovyo. Skrubu nyingi za 5.5 zinakula soketi ya milimita 8, lakini za 6.3 nyingine zinataka ya 10. Chukua skrubu yako uijaribishe. Soketi iwe na sumaku na ishike bila kucheza. Ikicheza inakula pembe za kichwa na kuchubua rangi, na pale ilipochubuka kutu itaanzia. Unga wa chuma hujikusanya ndani ya sumaku mpaka kichwa kisizame vizuri. Ufute kwa kitambaa kila baada ya skrubu chache. Kwa impakti, nunua soketi nyeusi zilizotengenezwa kustahimili kugongwa. Zile za kung'aa hupasuka.

Siku ya kazi

Panda mapema, kabla jua halijawasha bati na upepo haujachangamka. Vaa miwani na mkanda wa usalama. Simamisha mashine iwe pembe mraba na bati. Skrubu ikilala upande, mpira unakaa nusu, na nusu nyingine ni njia ya maji. Sukuma kwa uzito usiobadilika mpaka usikie ncha imepita, kisha legeza mkono uache meno yajivute yenyewe.

Hapa kwetu skrubu hupigwa juu ya mgongo wa bati, na chini ya mgongo ni uwazi. Ndiyo maana kukaza kupita kiasi kunabonyeza bati na kutengeneza kidimbwi kuzunguka skrubu. Kipimo ni macho: mpira uchungulie kidogo tu pembeni mwa washa. Usipoonekana kabisa, ongeza. Ukitanuka kama sketi, umezidisha. Ng'oa uweke nyingine nene zaidi kwenye tundu hilohilo.

Kabla hujashuka jioni, fagia unga wa chuma wote. Katika ukavu wa Dodoma hutauona ukibadilika. Utakaa kimya miezi. Mvua zikianza utaona madoa mekundu juu ya bati la rangi, na utadhani uliuziwa bati bovu.

Kama hela ni ya mashine moja

Kwa anayejenga nyumba yake, nunua drili ya betri ya volti 18, mota bila brashi, gia mbili, klachi inayofanya kazi kweli, na betri mbili. Itaezeka, itafunga jipsam, itatundika pazia, na itafunga vishikio vya sola siku ukiitaka. Ikiwa tayari una drili ya waya na paa ni dogo, usinunue kitu. Nunua soketi nzuri na ujifunze kuachia triga kwenye vipande vibovu kwanza. Impakti iwe ya pili, siku ukianza kufunga chuma kinene.

Na ikiwa mashine ni ya fundi, wewe unachonunua ni kazi yake. Mwambie apige skrubu tano kwenye kipande mbele yako kabla hajapanda. Akimaliza paa, panda ngazi na wewe kabla ya kumlipa. Chagua skrubu kumi mahali tofauti, shika washa ya kila moja kwa vidole viwili, ujaribu kuizungusha. Inayozunguka imelegea. Isiyozunguka lakini mpira wake umetanuka au kupasuka imezidishwa. Zote mbili zirekebishwe siku hiyohiyo, fundi akiwa bado na ngazi na wewe ukiwa bado na hela. Kutoka Julai hadi Desemba ni miezi mitano, na katika miezi hiyo paa la Miyuji halisemi kitu.